Mama mwenye ming'oko aliniuliza kama mpira una hela

Jumanne iliyopita, mazoezi yalipokwisha, mama mmoja alinisubiri pembeni ya kiwanja chetu cha mchanga huku Chuno, Mtwara mjini. Alikuwa na ndoo ya ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha na kula huku kwetu, iliyobaki kwenye biashara yake ya siku. Akaitua, tukasalimiana, kisha akasema: "Mwalimu, samahani, nikuulize. Huu mpira una hela?" Binti yake alikuwa nyuma yake, viatu mkononi, anajipangusa mchanga gotini kama vile hasikii. Yuko darasa la saba na anacheza kiungo.

Giza lilikuwa linaingia, nikamjibu kwa maneno machache. Usiku nikayawaza tena na kuona sikumtendea haki. Yule mama hakuuliza kwa tamaa. Jioni ambayo binti yuko mpirani ni jioni ambayo yeye anabeba ndoo peke yake, kwa hiyo anastahili kujua anabeba kwa ajili ya nini. Nimecheza kiungo miaka 13, saba kati ya hiyo katika Ligi Kuu ya Wanawake, nikarudi nyumbani na kovu la goti, leseni ya ukocha na mambo mengi ambayo mimi na mama yangu hatukuambiwa mapema. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Hela ipo, mama. Haipo kwa wote, na haiji mapema. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Mimi niliingia msimu uliofuata, bila mkataba. Nilipewa kitanda, chakula, na shilingi 5,000 kila tulipocheza. Ndiyo ilikuwa "ajira" yangu na niliipenda. Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Mwaka huohuo Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada na kuingia robo fainali. Clara Luvanga alisajiliwa Hispania mwaka 2023, kisha akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement amecheza Uturuki. Siku hizi kuna wasichana wanaojenga nyumba za mama zao kwa mpira, jambo ambalo mimi nilipokuwa na umri wa binti yako lilikuwa ndoto.

Ila angalia majina hayo mawili: wote ni washambuliaji. Mshambuliaji ana mabao, na mabao yanahesabika hata na mtu ambaye hakuja uwanjani. Kiungo ana nini cha kuonyesha? Tutarudi hapo, kwa sababu kuna jambo la kufanya.

Kiswahili kimetupa jina zuri sisi tunaocheza katikati. Kiungo ni kinachounganisha, na kiungo ni kinachotia ladha kwenye mchuzi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Binti anayeanza hudhani kiungo ni yule mwenye pumzi ya kukimbia kila mahali. Pumzi inatakiwa, tena nyingi, lakini kinachomtenganisha kiungo na wenzake ni alichokiona kabla mpira haujamfikia.

Mwalimu wangu wa michezo shuleni alinifundisha hivi. Alimweka mwenzangu mita 15 mbele yangu anipigie pasi, na yeye mwenyewe akasimama nyuma yangu. Mpira ulipokuwa njiani, aliinua vidole. Nilipaswa kugeuza shingo, kuhesabu, kurudisha macho kwenye mpira, kuutuliza na kutamka namba, vyote kwa wakati mmoja. "Vitatu!" Wiki ya kwanza nilipatia vidole nikapoteza mpira, au nikaupata mpira nikakosa vidole. Baada ya miezi miwili akaacha kuinua vidole, akaweka wasichana wawili nyuma yangu: mmoja anakuja kukaba, mwingine amesimama. Nikiona nani anakuja, najua nigeukie wapi. Zoezi hilo halihitaji koni wala vizibao, na hadi leo ndilo ninaloanza nalo kila Jumanne. Msichana anayetaka kuwa kiungo alifanye hata nyumbani, mdogo wake akiwa nyuma yake na mpira ukigonga ukuta.

Jambo la pili ni mguso wa kwanza. Sisi wa Pwani ya kusini tunajifunzia mchangani, na mchanga unakunywa mpira. Pasi ya chini inafia njiani, kwa hiyo miguu yetu inazoea kusubiri na kuinua. Siku ya kwanza nilipocheza kwenye nyasi bandia za Uwanja wa Karume, Ilala, mpira ulikuja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Pasi tatu za mwanzo zote zilinipita chini ya mguu. Kocha alinitoa dakika ya 30, na nilikaa benchi mechi nne. Sikuwa mbovu, nilikuwa mgeni wa uwanja. Ndiyo maana nawaambia wasichana wangu: mara moja kwa wiki tafuteni sakafu ya saruji au barabara ya lami iliyotulia, mpigiane pasi za nguvu za chini. Guu lijue kasi kabla halijafika Dar es Salaam.

Na kama ni mdogo wa umbo, usihangaike. Formiga wa Brazil, ambaye jina lake hilo la utani maana yake ni sisimizi kwa Kireno, alicheza kiungo kwenye Kombe la Dunia mara 7, kuanzia 1995 hadi 2019. Hakuna mwingine, mwanamke wala mwanaume, aliyecheza fainali nyingi kuliko hizo. Nafasi ya katikati inamtunza mwenye akili, kwa sababu kasi ikipungua macho yanabaki.

Sasa nizungumze na wazazi, hasa wa kwetu.

Nilipovunja ungo nikachezwa unyago, bibi yangu alisema mpira basi. Nimekuwa mkubwa, bukta si vazi langu tena. Nililia siku mbili. Aliyeniokoa ni yule mwalimu wa michezo, kwa sababu alikuwa mtu wa huku na alijua pa kwenda. Hakwenda kwa baba. Alipanda gari hadi Newala kwa mjomba wangu, na sukari kilo mbili mkononi. Anayetoka kwa Wamakonde, Wamakua au Wamwera anaelewa: mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba akisema ndiyo, nyumba nzima inatulia. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Wakisafiri, analala wapi na nani?" Mwalimu akamjibu kwa majina: mwalimu wa kike anayeongozana nao, shule watakayolala, siku ya kurudi. Mjomba akaridhika. Kuhusu vazi wakakubaliana nivae taiti ndefu chini ya bukta, na nilicheza hivyo hadi nikamaliza kidato cha nne. Anayetaka kucheza na hijabu pia anaruhusiwa. Sheria za soka ziliruhusu tangu 2014, kwa hiyo asije mtu akakwambia uchague kati ya dini na mpira.

Makocha wenzangu, swali la mjomba ndilo swali la maana kuliko yote. Lijibuni kabla hamjaulizwa. Ukimchukua binti wa watu kwa kumvizia getini mwa shule, hata kama nia yako ni njema, umeharibu njia ya wasichana kumi watakaomfuata.

Na wewe binti, nisikilize vizuri hapa. Kocha, kiongozi au wakala akikwambia namba kwenye kikosi inapatikana chumbani kwake, huyo hakupi nafasi, anafanya kosa la jinai. Rushwa ya ngono imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwambie mama, mwambie mwalimu wa kike, nendeni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Nilimwona mwenzangu akiacha mpira kwa sababu ya hilo, na alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Sote kambini tulijua na tulinyamaza. Hilo ninalibeba mpaka leo.

Goti langu lilikatika msimu wangu wa tano. Hakuna aliyenigusa. Nilipokea mpira katikati, nikauona upande wa kulia uko wazi, nikageuka, njumu ikabaki kwenye nyasi na goti likaendelea na safari. Nilisikia "tak", kama kijiti kikavu. Nilisimama, nikatembea, nikafikiri limeteguka. Kilichofuata ndicho ninachokijutia zaidi: nilipelekwa kuchuliwa. Wiki tatu nilikandwa na kuvutwa kwa maji moto na mafuta, uvimbe ukapungua, nikarudi mazoezini. Siku ya pili goti likaachia tena. Picha ya MRI ilipokuja kupigwa, mshipa wa mbele wa goti (ligamenti inayoitwa ACL) ulikuwa umekatika kabisa na kilicho jirani yake kimechanika pia. Daktari aliniambia hicho cha pili huenda kilichanika niliporudi uwanjani. Upasuaji na kujifua upya vilinigharimu mwaka mzima na miezi miwili.

Wanawake wanaocheza soka huumia mshipa huo mara 2 hadi 8 zaidi ya wanaume. Kwa hiyo usichukulie kuwa ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Ukisikia mlio gotini na likavimba saa hiyohiyo, usikubali kuchuliwa. Weka barafu, lifunge, lisibebe uzito, nenda hospitali, na omba lipigwe picha ya MRI, kwa kuwa eksirei inaonyesha mfupa tu. Alexia Putellas wa Hispania, kiungo aliyechukua Ballon d'Or 2021 na 2022, alikatika mshipa huohuo Julai 2022, siku moja kabla ya michuano ya Ulaya kuanza. Alirudi uwanjani baada ya karibu miezi 10, na Agosti 2023 akabeba Kombe la Dunia. Alipewa muda, na aliutumia wote.

Afadhali kuzuia. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, yanachukua dakika 20, na utafiti uliofanywa kwa wasichana wa Norway ulionyesha yanapunguza majeraha. Hayana kifaa: kukimbia, kujishikilia kwa viwiko, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa na kuelekea mbele badala ya kuingia ndani. Hilo la kutua ndilo ninalolisimamia kama polisi. Nikiona magoti yanagongana, tunarudia. Wasichana wananung'unika kwamba wanataka mpira. Nawaonyesha kovu, tunaendelea.

Chakula nacho tusidanganyane. Binti anayepata hedhi na anakimbia kila siku anahitaji damu. Wengi wanaoitwa wavivu dakika ya 60 wana upungufu wa damu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Huhitaji vya dukani. Kisamvu, dagaa, choroko, kunde, na limao juu ya mboga lisaidie madini ya chuma kuingia mwilini. Chai usinywe pamoja na chakula, isubiri saa moja, maana inazuia chuma hicho. Na hedhi ikikukatika miezi mitatu wakati hujabeba mimba, usifurahi kwamba umepata nafuu. Mwili unakwambia unatumia zaidi ya unachokula, nenda ukapimwe.

Sasa karatasi. Nilicheza msimu mmoja katika klabu ambayo sitaitaja, nikasaini mkataba juu ya boneti ya gari bila kuusoma, na nakala sikupewa. Mshahara ulikuja miezi miwili ya kwanza. Miezi minne iliyofuata ilikuwa "wiki ijayo". Nikachoka, nikafunga begi usiku, nikapanda basi la Mtwara. Ningeandika barua ningekuwa salama. Kwa kuwa niliondoka kimya, klabu ikasema nimetoroka, na nikakaa nje nusu msimu kesi ikizungushwa.

Kanuni za FIFA zinasema klabu isipokulipa mishahara ya miezi 2 kwa wakati wake, unaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi uiandikie kwanza na kuipa walau siku 15 ilipe deni lote. Barua, nakala ya barua, na ushahidi kwamba wameipokea. Zikipita siku hizo bila malipo, unaondoka kichwa juu. Mchezaji wa chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa zaidi ya miaka 3, na mzazi au mlezi awepo anaposaini. Kabla ya kushika kalamu, mwombe mtu anayejua sheria au hata mwalimu mzuri wa Kiswahili akusomee. Tafuta mambo haya ndani: mshahara unalipwa tarehe ngapi, ukiumia nani analipa hospitali na mshahara unaendelea muda gani, na unakaa wapi. Kama kipengele cha matibabu hakimo, usisaini siku hiyo. Goti langu lililipwa na harambee ya ndugu na shamba la mama.

Kuna na uzazi, ambao viongozi wengi hawapendi kuusikia. Tangu 2021 mchezaji wa kulipwa ana haki ya likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, angalau 8 kati yake baada ya kujifungua, akilipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara wake. Klabu haiwezi kuweka sharti kwamba ukibeba mimba mkataba umekufa. Sara Björk Gunnarsdóttir, kiungo wa Iceland, alikatwa mshahara na Lyon alipokuwa mjamzito. Alikwenda FIFA, na klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya yuro 82,000. Klabu kubwa kama hiyo. Kwa hiyo usiogope kwamba wewe ni mtu wa Mtwara, karatasi ni karatasi.

Mawakala sasa. Nilipokuwa na miaka 21, kijana mmoja alinipigia kwamba Uturuki wananitaka, niandae shilingi milioni 1.5 za viza na "usajili". Mama akawa tayari kuweka rehani mikorosho. Kocha wangu akasema ngoja, aniletee barua ya mwaliko ya klabu na namba ya leseni yake. Simu ya yule kijana haikupatikana tena. Klabu inayokutaka kweli inakulipia wewe. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na uhamisho wa nje unapitia shirikisho la hapa kwenda shirikisho la kule. Na kabla hujafika miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, hakuna kuhamia klabu ya nchi nyingine. Mtu anayemwambia binti wa miaka 16 kwamba anampeleka Ulaya kucheza, mzazi, mfukuze.

Nilisema tutarudi kwenye suala la kiungo kukosa cha kuonyesha. Fanya hivi: tafuta ndugu mwenye simu nzuri, apande mahali pa juu, arekodi mechi nzima dakika 90 bila kufuata mpira, uwanja wote wa katikati uonekane. Kipande cha dakika mbili chenye chenga na muziki kinamtosha winga. Anayetafuta kiungo anataka kukuona wakati huna mpira: unasimama wapi, unageuza shingo mara ngapi, timu ikipoteza mpira unakwenda upande gani. Weka mechi tano kwenye memori kadi, andika tarehe na namba ya jezi. Mwenzangu mmoja alipata timu nje kwa mechi mbili za namna hiyo, na hakufunga bao hata moja katika zote mbili.

Njia ya kuanzia ni ileile kwa wote: mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, halafu timu ya mkoa ikuone. Ndiyo maana shule na mpira havigombani, shule ndiyo mlango wenyewe. Niliporudi na goti, cheti cha kidato cha nne ndicho kilichoniwezesha kuingia kozi ya ukocha.

Jana yule mama alipita tena, safari hii ndoo ikiwa tupu. Nilimwambia nina jibu refu kuliko lile la Jumanne. Akasema nisimwambie yeye kwanza: kaka yake yuko Tandahimba anapulizia salfa kwenye mikorosho, atashuka Jumamosi, nimweleze yeye. Nimeshaandika kwenye daftari safari zetu za mwezi ujao, mahali tutakapolala na jina la mwalimu wa kike atakayekuwa nao. Binti amevuka vidole vitano, sasa anahesabu vya mikono miwili.